Mujomba alisikia "amazi", shemeji alisema "masi": sindano ya esansi ilivyotudanganya Uvira

Wakuu, salamu kutoka Rugenge, Uvira. Mimi si fundi. Niko seksyo ya pedagojia, yaani nafundishwa namna ya kufundisha vitu nisivyovijua. Ila hili niliona kwa macho yangu, na atakayebisha nitamleta Mama.

Mujomba wangu ana gari la zamani la Kifaransa, lile la fare, yaani taa kubwa za mbele, za mviringo. Linamzidi Mama umri na linapendwa kuliko mimi.

Wakati huo vita vilikuwa vinateremka kutoka uwanda wa Ruzizi. Milio ilikuwa inasogea, watu wanafunga mizigo.

Dada yangu mkubwa, Yaya Neema, alikuwa na mimba iliyokomaa. Mume wake, shemeji Elie, ni fundi wa magari, lakini mpaka wa nchi ulifungwa yeye akiwa Bujumbura.

Mpango wa Mujomba: tupite barabara ya milima hadi Baraka, tumfikishe Yaya kwenye hospitali kabla uchungu haujamkamata.

Swali lilikuwa moja tu. Esansi, yaani petroli, inatosha?

Hapo ndipo tablo, ule ubao wa sindano mbele ya dereva, ilituchezea. Fare zikizimwa, sindano ya esansi inalala katikati. Ukiwasha, inapanda mpaka tangi limejaa! Ukiweka klinyota, taa za kukatia kona, sindano zote zinacheza kulia na kushoto kama mama wa kwaya, na taa za tablo zinafifia kwa mdundo uleule.

"Ona," Mujomba akasema, "tukiwasha fare esansi inaongezeka."

"Basi tuziwashe tangu jana, Mujomba. Tungeuza."

"Weye, funga kinywa!"

Kijiti cha kupimia hakikufika, maana shingo ya tangi imepinda. Na hakuna aliyekuwa anauza esansi tena.

Tukampigia Elie. Reseau ya simu inakatika-katika. Mujomba akaeleza, akasikiliza, simu ikafa.

"Amesema nini?" Mama akauliza.

"Gari inakosa amazi."

Kwa asiyejua, amazi ni maji kwa Kirundi, na Mujomba ni mtu wa uwanda, Kirundi ndiyo lugha aliyonyonya. Akajaza radiateri. Imejaa tayari, ikamwagika miguuni mwake. Akaongeza maji kwenye batri. Akajaza hata kikopo cha kusafishia kioo.

Akawasha fare. Sindano ikapanda vilevile, bila haya.

"Labda tuinyweshe sindano yenyewe," nikasema. Nikatupiwa kandambili, nikaikwepa.

Ila nilipokuwa nacheka kitu kikanigonga. Elie ni Mubembe wa Fizi. Kirundi chake kinaishia kwenye salamu. Amazi ameitoa wapi?

"Mujomba, hakusema masse? Masi?"

"Masi ni nini?"

Na mimi sikuwa na hakika, wakuu. Kwenye fizikia masi ni kilo. Nusura nimwambie Mujomba akae juu ya kapo, kile kifuniko cha injini, ili gari lipate uzito.

Kilichoniokoa ni kwaya. Kanisani mikro ikianza kuuma midomo ya waimbaji kwa umeme, mtu wa vyombo huwa anapiga kelele, "Inakosa masi!" Halafu anafunga ule waya wa kurudishia umeme kwenye chuma, na mikro inatulia.

Tukafungua tablo. Nyuma ya kadrani, ule uso wa sindano, kuna waya mweusi wenye pete, umefungwa kwa bulo, yaani bolti, kwenye bodi. Nikauvuta. Umekaza vizuri kabisa.

Lakini chini ya pete kulikuwa na rangi. Nyeupe, inang'aa.

Mujomba akaikwaruza kwa ukucha. Alipaka gari lote rangi hiyo, ndani na nje, kwa ajili ya harusi ya Yaya. Umeme ulikosa pa kurudia, ukawa unapenya kwenye nyaya za taa, na sindano ikawa inasoma fujo hiyo.

Mama akaleta kisu cha mihogo. Nikakwangua mpaka chuma kikaonekana, nikakaza bulo, Mujomba akazungusha ufunguo, akawasha kontakti.

Klinyota: sindano haikucheza. Fare: haikupanda.

Ilianguka chini kabisa, kwenye nyekundu, ikabaki hapo.

Hakuna aliyeshangilia. Yaya akashika tumbo. Mama akasema polepole, "Minye nilipenda ile ya uongo."

Mujomba akazima fare. "Baraka kwa barabara, hapana. Twende bandari ya Kalundu, tutafute boti ya Baraka."

Kalundu ni karibu, mteremko mwingi. Gari lilikohoa na kufa tukiwa tunaona boti, tukasukuma hadi bandarini, Mama akisukuma kuliko wote. Yaya akapanda. Alijifungulia Baraka, hospitalini, mtoto wa kike.

Nafikiria sana kona zile za milima, wakuu. Pale hakuna wa kukusaidia kusukuma. Tungefika katikati tukiwa na tangi limejaa kwenye kadrani.

Nilichojifunza: wakati wa vita kila mtu anatafuta sindano inayopanda. Jirani alisema wapiganaji hawatafika, redio ya mtaani ikasema wamerudi nyuma, na sisi tulipokea yote kwa furaha. Kutengeneza hakukutuongezea hata tone. Kulitupa ukweli mapema, tukiwa bado na njia nyingine.

Haya, mafundi, nirekebisheni nilipokosea, na mniambie huko kwenu masi mnaiitaje. Na wenye magari ya babu zenu: wekeni klinyota sasa hivi, mtuambie sindano zinafanya nini.