Vyuma Vitatu kwenye Zebra

Mwaka wa 2019, nikiwa na miaka hamsini na sita, ugonjwa wa sukari ulinikata mguu wa kulia, na kabla mwaka uishe ukachukua wa kushoto. Siandiki haya ili mtu alie. Niliishia darasa la tatu, kazi ya kuchomelea vyuma nikaiba kwa macho, na sina mtu wa kumwambia asante.

Karakana yangu iko ng'ambo ya barabara kuu ya kwenda Uganda, na nyumba ninayokodi iko upande huu. Asubuhi ya kwanza nilipotoka na kiti cha magurudumu, nilifika kwenye zebra, pale watu wanapovukia, nikakwama. Kuna mteremko mzuri wa simiti wa kushukia barabarani, lakini mbele yake vimesimama vyuma vitatu vya kuzuia boda boda wasipande njia ya miguu. Kiti kiliingia nusu, magurudumu yakashika.

Mama anayeuza chai hapo pembeni alicheka mpaka akaweka birika chini.

"Mzee! Si hizo vyuma ni zako?"

Ni zangu. Miaka miwili kabla, mkandarasi aliniita nikavichomelea. Nilipima kwa usukani wa pikipiki, nikapunguza upana wa kiganja, nikajisifu mbele ya huyo huyo mama kwamba hapa hata shetani hapiti na boda. Kiti cha magurudumu sikukifikiria. Mkandarasi hakukifikiria, naye alitoroka kabla aweke vyuma upande wa pili. Injinia alikuja na viatu visivyo na vumbi, akatia sahihi. Wote tulikuwa na miguu.

Wiki tatu nilipita barabarani, ubavuni mwa malori, mpaka pale ukingo umevunjika, nikavukia hapo. Madereva walinipigia honi na matusi. Wengine waliojifanya wema walinishika kiti kwa nyuma bila kuuliza, "Mzee, tukubebe," kama mimi ni gunia la mahindi limetoka mashamba ya kule Ziwa. Mmoja nilimgonga vidole kwa spana. Sijutii. Siku lori la mbao lilipokwaruza gurudumu langu, nilijua ni mawili: nifunge karakana au nizikwe.

Nikaenda ofisi ya watu wa barabara. Iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Nilipiga kelele chini mpaka karani akashuka.

"Mzee, andika barua, uweke na picha."

"Wewe una macho. Njoo uone."

"Utaratibu ni barua. Na usiguze hizo vyuma, ni mali ya umma."

"Na mimi ni mali ya nani?"

Akapanda ngazi zake.

Kesho yake saa tatu asubuhi nilikuja na grinda. Mama wa chai alinipa umeme wa kibanda chake huku akinung'unika. Nilikata chuma cha katikati, cheche zikirukia viatu vya watu, wakaruka kando wakinitukana. Kabla sijakunja waya, boda mmoja alipita hapo hapo na abiria wawili.

"Sasa umefanya nini, Mzee?" mama akafoka. "Hawa watatuua!"

Alisema kweli. Nilivuka. Mwenye boda hupita popote anapotaka; mimi nilikuwa na hapo tu. Kama wanataka njia ya kupitisha kiti na kuzuia pikipiki, wanijie, nitakaa chini nipime upya. Hawajakuja. Mama ananiuzia chai bado, lakini salamu aliacha.

Leo nina karakana ya mabati, mashine mbili za kuchomelea, grinda tatu, nusu ekari kule Ainabkoi, ng'ombe wawili wa maziwa, kiti cha magurudumu nilichokiongezea vyuma mwenyewe, na chuma kimoja cha barabara ambacho hakuna aliyekuja kukidai.