Nyumba ya Jangwani Isiyo na Mlango wa Mkwe

Sijawahi kuliona jangwa. Hata hivyo nilichora nyumba nne za jangwani, nikaishi katika moja, na ilibaki kidogo tu inipokonye mke.

Ni wakati ule Katanga ilipojitangaza kuwa nchi, na bendera yake na stempu zake. Mimi nilikuwa mchoraji katika ofisi ya ujenzi, hapa Lubumbashi. Tukaletewa injinia, mzungu mpole aliyefanya kazi miaka yake yote huko kaskazini kwenye mchanga. Akaambiwa abuni nyumba za mfano kwa wafanyakazi, karibu na mto Naviundu. Akabuni alichokijua: kuta nene za udongo bila dirisha hata moja upande wa barabara, ua katikati, vyumba vyote vikitazama uani, mlango mmoja, paa bapa. Alisema nyumba kama hiyo inajipoza yenyewe, inaficha mambo ya familia, na majirani wanakutana kwenye kivuli cha kuta zake.

Kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi na moja na haina haraka ya kuisha. Ofisi nzima ilijua. Hakuna aliyefungua mdomo. Mkubwa akileta wazo, wewe unanoa penseli, ndivyo tulivyofunzwa. Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza: niliahidiwa moja ya nyumba zile. Mke wangu na mimi tulikuwa Kampemba, chumba kimoja na kaka yangu, pazia katikati. Mama wa mke wangu, huko Pweto ziwani, alikuwa ametuma neno kwamba anakuja kuona binti yake anakaa wapi, na akimkuta nyuma ya pazia, anarudi naye. Mama yule hatanii. Basi nikachora kama mtu anayefukuzwa.

Nyumba zilipokwisha, injinia akaagiza malori ya mchanga wa mtoni umwagwe kuzizunguka, ili wageni wa serikali waelewe. Wageni hawakuja. Walikuja askari wa Katanga, wakabeba nusu kujaza magunia ya vizuizi vyao. Kesho yake wakaja wale wa kofia za buluu, askari wa Umoja wa Mataifa, wakabeba nusu iliyobaki kwa ajili ya vizuizi vyao. Nusu mbili za jangwa letu zikawa zinatazamana barabarani, bunduki juu yake.

Tukahamia. Wiki ya pili mama mkwe akashuka kwenye lori na kapu la samaki wakavu, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokichora.

Kwa watu wa mke wangu, mwanaume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake mpaka aingizwe, yaani mpaka siku ile mama mwenyewe anapompikia na kumkaribisha. Mimi nilikuwa bado. Barabara zilikuwa zimefungwa tangu tuoane mpaka wiki ile. Ukimkosea heshima kabla ya siku hiyo, anamchukua binti yake na hakuna wa kumlaumu. Nyumba zetu za kawaida zina mlango wa mbele na wa nyuma, na barza ya kukaa ukitazama barabara. Mmoja akiingia huku, mwingine anatokea kule, kila mtu na heshima yake. Nyumba yangu ilikuwa na mlango mmoja na ua mmoja. Ilinificha kwa majirani wote niliotaka kuwasalimu, ikanianika mbele ya mtu mmoja tu duniani nisiyepaswa kuonana naye. Nilijikasirikia sana.

Nikahamia paani. Usicheke. Niliegemeza ngazi upande wa barabara, nikafunga turubai. Mama mkwe akiingia chumbani, mke wangu anagonga sufuria mara mbili. Nashuka, napita mlangoni hadi uani, naoga, nakula mbio mbio, napanda. Kila asubuhi natelemka barabarani na tai shingoni, michoro kwapani. Majirani kwenye barza zao walizoea, wakaniita baba wa juu. "Jambo, papa wa juu. Umelala muzuri?"

Askari wakapita, wakaninyooshea bunduki. "Uko unachunga nani kule?"

"Mama mukwe."

Walitazamana. Mmoja akatikisa kichwa kwa huruma, wakaenda zao.

Injinia naye alikuja, akaniona, machozi yakamlengalenga. Jangwani, alisema, watu huishi paani hivyo hivyo. Akasema katika ofisi nzima ni mimi peke yangu niliyeelewa nyumba yake. Akanipiga picha.

Kisha Jumapili moja, saa nne asubuhi, risasi zikaanza kulia karibu kabisa. Nilikuwa juu na michoro yangu. Mke akagonga sufuria bila kuhesabu. Niliruka uani, ndani ya maji ya mvua yaliyofika vifundoni, kwa sababu mfereji hatukuuchora, nikakimbilia chumba kilichokuwa wazi. Mama mkwe alikuwa humo.

Nilikunjua karatasi ya kwanza iliyonijia mkononi, nikaishika mbele ya uso wangu. Ilikuwa mchoro wa nyumba ile ile. Nikakaa nyuma yake, mke wangu kati yetu, risasi nje. Tulikaa hivyo saa nzima. Niliogopa risasi, lakini nilimwogopa zaidi yule mama.

Mwishowe akasema na binti yake, maana mimi hasemi nami. "Umuulize bwana yako, mulango ya mukwe iko wapi hapa?"

"Anasema hakuna, mama."

"Ni yeye alichora?"

"Ni yeye."

"Basi achore."

Karatasi ile ilikuwa nyembamba, inapitisha mwanga. Nikaona kivuli cha kidole chake kikitembea juu ya ukuta wa nyuma, polepole, kikasimama mahali, kikabonyeza. Nikatoa penseli mfukoni, nikachora mlango pale pale.

Halafu sahani ya bukari, ndio ugali wetu, na samaki aliowapika mwenyewe ikasukumwa chini ya karatasi mpaka magotini kwangu.

"Umwambie ashushe ile karatasi," alisema. "Tangu nimefika namuona kule juu na tai yake. Mimi nitarudi Pweto peke yangu."

Mlango ule haukujengwa kamwe. Nchi yenyewe iliisha kabla yake. Mchoro ninao bado. Una doa la mafuta ya samaki kwenye ukuta wa nyuma, na mke wangu hakubali nilifute.