Bangili za Mama na Dhahabu ya Angani

Kaka yangu alikuwa karani bandarini, na hakuna gazeti lililoachwa na mabaharia ambalo hakulisoma. Mwaka niliochumbiwa alirudi na jarida, akatusomea mama na mimi kwamba huko juu, mbali kuliko mwezi, kuna mawe makubwa yanayozunguka, mengine yamejaa dhahabu. Wanaojitayarisha kwenda mwezini watayafikia na hayo, wayavunje, waje nayo.

"Ikishashuka, mama, dhahabu itauzwa kama misumari. Tuuze sasa."

Cha kuuza kilikuwa bangili sita za mama, alizoolewa nazo, na ambazo sasa zilikuwa zangu. Siku ya kupamba bibi harusi, macho ya wanawake wa Mji wa Kale huanzia mikononi. Nilikasirika hadi nikashindwa kula, lakini baba alikuwa amefariki, na neno la kaka ndilo lililopita nyumbani.

Mama alisema moja tu. "Hayo mawe ni vimondo, vya kupigia mashetani. Nani atavaa?"

Sonara alikuwa Mhindi mzee aliyemjua mama tangu usichana wake. Alisugua bangili kwenye jiwe lake jeusi la kujaribia dhahabu, akazipima, akataja bei nzuri. Hapo kaka angenyamaza. Lakini kaka na habari mpya hawakai pamoja kimya. Akamweleza yote: mawe, roketi, misumari.

Sonara akaziweka bangili mezani polepole. "Kama ni kweli, bwana, mimi ninunue ya nini? Nitakupa nusu."

"Na kama si kweli?" nikauliza.

"Basi musiuze, binti. Nauli ya kwenda huko na kurudi atalipa nani? Dhahabu iliyopanda roketi itakuwa ghali kuliko hii."

Nilimwomba Mungu kaka asikie. Akikataa nusu, amekiri mbele ya dada yake mdogo kwamba hakujua alisemalo.

"Haya, nusu," akasema.

Desturi ya sonara yule ilikuwa kukata papo hapo alichonunua, kiwe cha kuyeyushwa. Akatia mkasi bangili ya kwanza. Mlio wake ulikuwa mdogo, nao nausikia hata leo. Kabla hajashika ya pili, mama alifunika zilizobaki kwa mkono wake.

"Basi. Za mtoto hizi."

Sonara alitaka kuilehemu ile iliyokatika, bila malipo. Mama akakataa, akaifunga kwenye leso jinsi ilivyo. Nikapambwa na tatu kulia, mbili kushoto, na wanawake wakanong'onezana mpaka nikatamani kujificha.

Watu walipofika mwezini nilikuwa nimeshaolewa. Majirani walijaa sebuleni kwetu kusikiliza redio ya kaka, nami nikakaa karibu naye. Msomaji wa habari akasema wanarudi na mawe.

"Yana dhahabu, kaka?" nikamuuliza, kwa upole kabisa.

Aliutazama mkono wangu wa kushoto, akazima redio, na watu bado wanasikiliza.