Waya wa Mwalimu Juu ya Mkorosho

Wajukuu zangu wananicheka. Kila jioni ikianza ile tamthilia ya majasusi kwenye runinga, mimi huchukua kiti changu nikakiweka mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, ili mambo yakichacha niwe karibu na njia. Nafumba macho, halafu nauliza: wamemkamata? Wananiambia, bibi, hawa ni waigizaji tu. Najua. Lakini mwenzangu, mimi kuogopa majasusi nilifundishwa mapema, hapa hapa Visiga, wakati runinga hatujaiona hata kwa picha.

Tulikuwa na redio. Yaani bibi yangu alikuwa nayo, imevikwa kitambaa cha kufuma, na betri zake zikianikwa juani pamoja na mihogo ili jioni zipate nguvu. Mara moja kwa wiki, baada ya magharibi, majirani wa kijiji chetu cha ujamaa walijaa kwenye mkeka wetu kusikiliza mchezo wa jasusi. Bibi alipika mihogo kwa nazi na chai ya mchaichai, bila sukari kwa kuwa sukari ilikuwa imeadimika. Jasusi akiingia, alitukataza hata kutafuna.

Jasusi yule alikuwa na kikohozi kifupi. Kikisikika, bibi aliitupia redio kanga, eti asituone. Aliwaonya watu wa ndani ya redio wasimkaribishe, na wakimkaribisha aliwanunia mpaka wiki ya pili. Kwenye misiba akawa hanywi chai mpaka aliyeimimina ainywe kwanza. Alitufundisha kwamba jasusi utamjua kwa upole wake: mstaarabu, si wa kwenu, anauliza habari za kila mtu. Mimi nililala nimejifunika gubigubi, jasho linanitoka, na wiki ikizunguka nilikuwa wa kwanza mkekani. Niliipenda hofu ile kuliko mihogo.

Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa amepanga chumba cha uani kwa bibi. Kwao ni Bukoba. Alikuwa mpole, mstaarabu, na hakumpita mtu bila kumuuliza habari za nyumbani. Watu walimtania kwa hilo, naye alicheka, akakohoa kile kikohozi, na sisi watoto tukatawanyika tukipiga kelele. Redio ilipozidi kukoroma, alipanda mkorosho wa nyuma ya nyumba, akafunga waya wa shaba, akaushusha mpaka dirishani. Tangu siku hiyo jasusi alisikika kana kwamba amekaa nasi. Bibi alimwombea dua ndefu.

Halafu vita vya Kagera vikaanza, kule mpakani upande wa kwao mwalimu. Magari ya jeshi yakawa yanapita barabara ya Morogoro, na sisi tukaambiwa tuwe macho, kila mgeni aulizwe atokako. Mchezo uliendelea, lakini kicheko kilipungua mkekani. Jioni moja mwalimu alikohoa, safari hii kwa mafua ya kweli, na hakuna aliyetania. Watu waliangalia dirishani, pale waya ulipoingilia.

Walikuja asubuhi tukiwa mstarini shuleni, mgambo wawili na mtu mmoja wa mjini. Mwalimu alikuwa anatukagua kucha. Walimwita kando, wakazungumza naye kidogo, akajifuta chaki mikononi, akaondoka nao bila kutuaga. Zamu yangu ilikuwa haijafika. Nilibaki nimenyoosha mikono mpaka mwenzangu aliponigusa.

Nyumbani nilikuta waya umekatwa. Bibi alikuwa ameshapata habari. Aliifunga redio kwenye kanga, akajitwika, akanishika mkono tukaenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, mtu wa umri wa mwanawe, alimwamkia shikamoo. Bibi aliitikia, akaitua redio mezani kwake.

"Waya ule wangu mie," alisema. "Niliutaka mie, nisikilizie mchezo. Kama waya ndio ujasusi, basi jasusi mie. Nichukueni, mwalimu arudi kwa watoto."

Mwenyekiti hakucheka. Alisema mwalimu ameshapelekwa mjini na yeye hana la kufanya. Bibi akaketi chini barazani, akakataa kuondoka. Adhuhuri ikapita. Alasiri mwenyekiti alitoka, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nenda nyumbani. Mimi nililetewa maneno tu, na aliyeyaleta ni mtu wa mkekani kwako."

Bibi hakuuliza jina, aliichukua redio yake mezani tukarudi. Njiani nilimuuliza kwa nini, akasema akishamjua ataishi naye vipi. Siku ya mchezo ilipofika alitandika mkeka, na majirani walikuja wote, kwa kuwa siku ile hakuna aliyethubutu kukosa. Redio ilikoroma, mihogo ikabaki sahanini. Niliziogopa nyuso za watu walionibeba mgongoni. Mwalimu hakurudi, na kila tulipoulizia mjini tuliambiwa hawana habari zake.

Mkorosho ulishakatwa, bibi tulishamzika, na siku hizi kila nyumba ina runinga yake na mlango umefungwa. Wa mkekani karibu wote nimewazika, nikiwalilia kwa haki, na kila mara nikijiuliza: ni huyu? Alibaki jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa akikaa ubavuni mwa bibi. Mwaka jana nilikwenda kumjulia hali. Alikuwa akinyweshwa uji kwa kijiko, hajui hata majina ya wanawe. Alinishika mkono, akanitazama sana.

"Yule mwalimu," akasema, "alifika kwao?"

Basi nikajua. Maneno makali niliyomwekea aliyemchongea mwalimu miaka yote hiyo sikuyaona yalipokwenda. Machozi yalikuwa yanamtoka, ule uji umemganda kidevuni, nikachukua pembe ya kanga yangu nikampangusa.

"Alifika, mama," nikamwambia. "Alifika salama."

Mpaka leo sijui alikofikia.