Acha Ilivyo

Mwalimu wa mtihani wa kuingilia chuo hukaa meza ile ile ya maktaba ya mtaa, mjini Toledo, na penseli iliyochongwa mpaka ikabaki fupi kama kidole gumba. Majibu manne ya kuchagua chini ya kila swali huyafunika kwa kiganja, ili mwanafunzi ajibu kwanza kwa maneno yake. Neno lililorudiwa hulikata papo hapo. "La ziada, nje!" husema taratibu, kama anayefukuza kuku jikoni. Katika maswali ya kusahihisha sentensi, jibu la kwanza siku zote ni "Acha ilivyo", na mwanafunzi wake Lorna hulikwepa akidhani ni mtego. "We binti," humtania, "sentensi nzima imekukosea nini hata uipige?"

Jumamosi hii Lorna amemletea insha ya kuombea nafasi chuoni, ambayo lazima aitume Jumatatu. Penseli inakata, inakata, mpaka inapofika hapa: "Bibi alikufa, akafa kweli." Inasimama.

"Hapo nimerudia, mwalimu," Lorna anasema kwa aibu. "Kata tu."

Mwalimu anaufunika mstari kwa kiganja. "Ulitaka kusema nini?"

"Kwamba mara ya kwanza sikuamini."

Anaondoa kiganja, anailaza penseli mezani.

"Acha ilivyo."