Ustadhi wa Viazi Karai

Abdurahman wa Bongwe alipewa cheo kabla hajaota meno. Siku ya maulidi alilala fofofo mapajani mwa mamake, na kina mama wa mtaa, ambao ni wataalamu wa kila jambo, wakakata shauri: huyu ni ustadhi. Kwamba mtoto alikuwa ameshiba tu, hakuna aliyelifikiria.

Madrasa aliiachia njiani. Akajifunza kupika katika hoteli moja ya Diani, akarudi na kufungua kibanda cha viazi karai, vile vya kuchovywa katika rojo la unga na manjano kisha kukaangwa. Wateja walikuja, wakala, wakapangusa mikono, kisha wakamwomba dua ya kupata viza.

Alichotaka ni kimoja: aitwe mpishi. Aliposikia Bi Mwanafatuma anamwoza bintiye, Salwa, akambebea sahani ya viazi ili auonje mkono wake na kumpa kazi ya biriani ya harusi.

Akamkuta ameketi, goti limevimba.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea uonje."

"Marahaba, mwanangu."

Viazi, bibi akawapa wajukuu. Sahani, iliyobaki na rojo la manjano, akaitazama kwa heshima. Akajua ni kombe, zile aya ziandikwazo sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Akamimina maji, akapiga bismillahi, akanywa mafuta, chumvi na pilipili mpaka tone la mwisho. Abdurahman alipotaka kueleza, akaambiwa watu wa Mungu hawajisifu.

Goti likapona. Magoti nayo hayana adabu.

Basi ikaja harusi, naye Abdurahman akapelekewa kanzu mpya: dua ni yake. Biriani alipewa Nassir, shemeji wa Salwa, ambaye ujuzi wake wote wa upishi ni kumiliki sufuria kubwa.

Katikati ya dua, harufu ya wali unaoungua ikaingia barazani. Hatujapata kusikia "amin" ya haraka vile. Ustadhi akakimbilia uani, akakunja mikono ya kanzu, akaondoa kuni, akauhamisha wali wa juu kwenye sufuria nyingine, akakaanga vitunguu vipya, akaufunika upya.

Watu walikula wakalamba vidole. Bi Mwanafatuma akaja uani mwenyewe, akaiona kanzu ilivyoroa mafuta na masizi. Abdurahman akasubiri lile neno lake moja.

"Umeona, Nassir?" akasema bibi. "Wali ulishaungua huu. Dua ya Ustadhi ndiyo iliyouokoa."

Nassir, mwenye sufuria, akaitikia amin.