Uji wa Jirani

Miaka ya hamsini nilipanga chumba Chumbageni, mjini Tanga, mimi Mbondei niliyewaacha ndugu zangu wote Muheza. Mchana nilikuwa karani wa baraza la liwali, jioni nikisoma sheria kwa njia ya posta. Watu walipogundua kwamba nasikiliza bila kukatiza, wakaanza kuniletea magomvi yao niyasuluhishe. Ijumaa baada ya alasiri niliwafundisha wazee wa baraza usuluhishi, na kanuni niliyoipigilia ilikuwa moja: msuluhishi hali cha mdai wala cha mdaiwa.

"Hata kahawa?" aliniuliza mzee mmoja, uso umemshuka.

"Hata kahawa."

Tanga ni mji wa kukaribishana. Kukataa sahani ya mtu ni kumtukana, nami niliukataa mtaa mzima, maana sikujua nani angegombana kesho. Wakanizoea. Harusini nilipewa kiti pembeni, na sinia likinifikia linanipita. Nilijiambia kazi ndivyo ilivyo. Uongo mtupu! Nilikuwa mpweke hata nikafurahi kubishana na muuza mkaa.

Kisha homa ikaniangusha. Majirani walifika mlangoni, wakanipa pole, wakaondoka. Hakuna aliyekuja na bakuli. Kuwasha jiko sikuweza, hata kusimama kulinishinda. Nikamwita mama wa nyumba ya pili, mjane ambaye kaka yake alitaka kumtoa katika nyumba ya marehemu baba yao. Shauri lao lilikuwa mikononi mwangu.

"Shikamoo, mama. Naomba uji."

"Marahaba, mwanangu." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Uji upo, tena umeiva. Lakini nikikupa, kaka yangu atasema umekula kwangu. Utajitoa katika shauri letu, sivyo?"

Ningeweza kumdanganya. Njaa ilinishawishi.

"Nitajitoa," nikamjibu.

"Basi nani atanisikiliza? Wale wazee wako wote wanakula kwake. Wallahi, nitalala njiani."

Akachota maji katika mtungi wangu mwenyewe, akaniinua kichwa, nikanywa. Kisha akatoka, akaurudishia mlango taratibu.

Wanafunzi wangu wa Ijumaa hakuna aliyeishika kanuni ile. Aliishika yeye, ambaye sikumfundisha, nami nikageukia ukuta nikalia kwa njaa.